Shimo lisilojaa

Swali: Mhandisi, shikamoo. Mwaka jana mwezi wa nane tulihamia kwenye nyumba yetu Buhongwa, hapa Mwanza, upande wa kilimani. Ina vyumba vitatu, bati la msauzi, na tuko watu sita pamoja na mama mkwe na dada wa kazi. Tunataka nyumba yetu iwe rafiki wa mazingira, tumetenga shilingi milioni tatu za kuanzia. Mume wangu anasema tufunge sola. Mimi naona tununue simtenki tukinge maji ya mvua. Choo hakina shida, fundi alichimba shimo zuri, tangu tuhamie halijaonyesha hata dalili ya kujaa. Tunapikia mkaa, gesi ni ya chai ya asubuhi. Tuanzie wapi ili hela isipotee?

Jibu: Marahaba, mama. Hongereni kwa kuhamia kwenu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ile sentensi uliyoipitia haraka kuliko zote: shimo halijai. Sola tutaifikia, tangi nalo tutalifikia, lakini niruhusu nianzie chooni.

Mko watu sita. Choo cha kuvuta, kuoga, kufua na vyombo, tuseme kila mmoja anatumia lita 60 kwa siku, nami hapo nimewaonea huruma. Hizo ni lita 360 kila siku. Kwa mwaka zinapita laki moja na elfu thelathini. Sasa jiulize, yote hayo yamekwenda wapi, kama shimo halijai?

Yamekwenda chini, mama. Na chini ya Buhongwa ya kilimani, kama ilivyo chini ya Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando, kuna tabaka jembamba la udongo lililolala juu ya mwamba. Mwamba wenyewe una nyufa, na ufa hauchuji kitu. Udongo mzuri huyashika maji machafu siku nyingi, ukayasafisha kidogo kidogo, vijidudu vikafa humo. Ufa unayapitisha yakiwa kama yalivyo, yakatokeze kwa jirani wa chini, kwenye kisima chake au kwenye mtaro wa barabara. Kutoka hapo ni suala la mvua moja tu kufika kwenye Ghuba ya Mwanza, tunakovua na tunakovuta maji ya kunywa.

Mafundi wetu wengi wanalijenga shimo kwa mawe pembeni na kuliacha wazi chini. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Mteja anapenda kusikia kwamba shimo lake litakaa miaka kumi bila kuita gari, na fundi anampa anachopenda. Hata mimi niliuziwa. Nilipojenga Nyegezi nilikuwa kazini mbali, nikamwachia fundi. Miaka minne nilijisifia kwa watu kwamba shimo langu halijai, mimi ambaye kazi yangu ni maji. Siku jirani wa chini alipokuja mlangoni na ndoo ya kisima chake ninuse, nilikosa pa kuweka uso.

Tangi la septiki lililojengwa sawasawa hujaa. Kwa nyumba ya watu sita, tangi la lita 3,000 hujaa wiki mbili za kwanza, na kuanzia hapo linabaki limejaa daima. Kazi yake ni kutuliza maji. Tope linazama chini, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati, yaliyokwisha kupungua uchafu, yanatoka kidogo kidogo kwenda shimo la pili la kunyonya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni rahisi na hakina gharama. Mwite fundi afunue mfuniko, mkae mbali dakika kadhaa hewa itoke, kisha mmulike kwa tochi. Mtu asiingize kichwa wala asiteremke, gesi ya humo imeua watu wazima wenye nguvu zao. Mkikuta maji yamesimama sawa na mdomo wa bomba la kutokea, tangi linashika. Mkikuta yako chini mita nzima, mna shimo lisilo na sakafu.

Kipimo cha pili ni cha udongo. Pale ambapo maji yanatakiwa kunywea, chimbeni kishimo chenye kina cha kama sentimita 30 hadi 40, upana wa ndoo. Mjaze maji jioni, udongo ulale umeshiba. Asubuhi mjaze tena, mchomeke rula au kijiti chenye alama, mhesabu saa moja. Maji yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa nzima, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo, litafurika masika. Yakitoweka ndani ya dakika moja au mbili mkiwa bado mnatafuta saa, mko juu ya changarawe au ufa, na hilo ni baya kuliko la kwanza, maana litaonekana linafanya kazi.

Nani anaumia? Kwanza ni watoto wa mabondeni. Kipindupindu mnakijua, na kichocho Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishana. Halafu ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria ni pana mno, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ila ni kama sinia: kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na ghubani kwetu ni kifupi zaidi. Kinyesi na mkojo ni mbolea, vina naitrojeni na fosforasi. Ukilimwagia sinia mbolea, kinachoota ni gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na halijaondoka, na ule uji wa kijani unaouona ukingoni siku zisizo na upepo, ambao aina zake nyingine zina sumu. Wanaotapisha vyoo usiku wa mvua kubwa tunawalaumu, na wanastahili. Lakini wao wanafungua bomba mara mbili kwa mwaka. Shimo lisilo na sakafu linatapika kila siku, tena kimyakimya.

Basi, zaidi ya nusu ya hela yenu ningeizika hapa. Wakati wa kiangazi, mwite gari la maji taka linyonye, fundi apige sakafu ya zege na plasta ya kuzuia maji ndani kote, agawe tangi kwa ukuta: chumba cha kwanza theluthi mbili, cha pili theluthi moja. Mabomba ya kuingia na kutoka yawe na kiungo cha umbo la T, mguu wake uzame kwenye maji, ili mafuta yanayoelea yasitoke. Mfuniko uwe mahali mpira wa gari unafika. Nimeona nyumba nzuri za kilimani ambazo chemba imejengewa baraza juu yake. Kila miaka mitatu hadi mitano mtaita gari, na hiyo ndiyo gharama halali ya kuishi juu ya mwamba.

Udongo ukishindwa kipimo, msilazimishe shimo la kunyonya. Kuna njia ya kitanda: mtaro mpana wenye kina cha kama mita moja, chini umezibwa, umejazwa mawe, kokoto, mchanga na udongo, juu mnapanda migomba na magimbi. Maji yanapanda kupitia mizizi na kuondoka kama mvuke, nanyi mnavuna mikungu. Ila kabla ya lolote, ulizeni mamlaka ya maji kama mtandao wa maji taka utapita kwenu. Kwenye vilima kama Igogo na Mabatini walilaza yale mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu hiyohiyo ya mwamba. Mtandao ukija, mnajiunga na hadithi inaishia hapo.

Sasa tangi lako. Uko sahihi kulitaka, ila sababu yako nzuri kuliko zote hukuiandika. Paa lenu, kwa vyumba vitatu, nalikadiria mita za mraba 100. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo si ya ajabu Mwanza, inashusha lita 3,000 kwa nusu saa au saa moja. Leo hizo lita 3,000 zinapiga wapi? Zinapiga uwanja, zinachimba mfereji, zinabeba udongo wenu mwekundu kushuka nao. Mto Mirongo ukipita mjini na rangi ya chai ya maziwa, usidhani ni rangi yake.

Kwa mwaka tunapata mvua ya kama milimita 1,000, vuli na masika zikijumlishwa, hivyo paa lenu linaweza kukinga lita 80,000 baada ya kutoa zinazorukia nje. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili nzuri. Halitawavusha kiangazi chote cha Juni hadi Septemba, usijidanganye. Kwa kufua na kuvuta choo peke yake litawapa kama mwezi. Lakini kila lita ya mvua unayovutia choo ni lita moja ambayo haikusafishwa kwa dawa na kusukumwa kwa pampu za umeme kutoka mitambo ya maji ya Capri Point au Butimba hadi kilimani kwenu.

Mtu anayekuuzia tangi hatakwambia habari ya maji ya kwanza. Mvua ya mwanzo inaosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege, nasi Mwanza tuna kongoti na kunguru wasio na haya. Weka bomba la inchi sita, refu mita tatu, limesimama wima kabla ya tangi, limezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua chenye tundu dogo la ukubwa wa msumari. Linabeba lita 50 hivi. Maji machafu ya mwanzo yanajaa humo, yakishajaa, masafi yanapita juu kuelekea tangini. Lile tundu linalidondosha bomba taratibu, likawa tupu kabla ya mvua ya kesho. Mdomo wa tangi fungeni wavu wa mbu. Ya kunywa chemsheni, hata yakionekana kama kioo.

Na uwanja. Hapa najua mama mkwe hatanipenda. Kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae ni heshima ya nyumba, nami nimelelewa hivyo, ila kwenye mteremko ni kuukwangua udongo na kuukabidhi kwa mvua. Fagieni mbele ya mlango. Upande wa chini wa kiwanja uachwe na ukoka, na mawe, ambayo kwenu hamnunui, myapange mistari kukingama mteremko. Wazee wa Usukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lipumue. Mweleze mama mkwe kwamba mnafunga ngitili ndogo kwenye kona ya kiwanja. Kwa jina hilo huenda akakubali. Akihofia nyoka, mwambie nyoka hakai kwenye ukoka uliokatwa mfupi, anakaa kwenye lundo la mbao za ujenzi mliloliacha nyuma ya nyumba, ambalo sijaliona lakini najua lipo.

Mkaa sasa. Hili kwa hali ya hewa na misitu lina uzito kuliko sola mara nyingi, nashangaa linavyotajwa mwisho. Kilo moja ya mkaa kwenye tanuri la kienyeji inakula kilo sita hadi kumi za kuni. Chungu cha maharage kilo moja kwa jiko la kawaida kinachukua saa mbili au zaidi na kilo ya mkaa au inayokaribia hapo. Yaani mboga ya siku moja imekula tita la kuni ambalo hukuliona, kwa sababu lilikatwa mbali na kukufikia likiwa kwenye sado.

Nilinunua jiko la umeme la presha, lile la wati 1,000, mke wangu akanitazama kama nimeleta mwanasesere. Nikamwomba siku moja tupime. Tulizima kila kitu, tukaandika namba ya mita ya LUKU kwenye ukuta kwa chaki, tukaweka maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Baada ya dakika 50 yalikuwa yameiva ya kupondeka, na mita ilikuwa imekula uniti 0.4. Jiko hilo halichomi muda wote, presha ikishapanda linazima na kuwaka lenyewe. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, inayokaribia shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni chini ya shilingi 150. Uliza bei ya sado la mkaa dukani kwenu, ulinganishe. Ile chaki bado iko ukutani, kakataa nisifute.

Tahadhari moja: kama mko kwenye daraja la watumiaji wadogo, wa uniti 75 kwa mwezi, angalieni matumizi yenu, maana zinazozidi hapo zinatozwa bei ya juu. Hata hivyo kwa makande, maharage, nyama ngumu na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, umeme unashinda. Ugali wa udaga, ule wa muhogo, hautapikwa humo, unataka sufuria na mkono, basi hapo ndipo gesi ifanye kazi. Gesi ya mtungi ni mafuta ya ardhini na inatoka nje, sikufichi, ila kwa mapafu ya dada wa kazi na kwa miti ni bora kuliko mkaa. Jiko la mkaa libakizeni kwa sato wa kubanika Jumapili, sina roho ya kuwanyang'anya hilo. Serikali nayo ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake, kwa hiyo mtakuwa mmewahi foleni.

Biogesi usiulize kama hamna ng'ombe wawili wanaolala bandani.

Taka nitasema kwa ufupi. Maganda na mabaki ya chakula ni mboji ya migomba, plastiki na chupa zikusanywe, na msichome. Watafiti wa ziwa wamekuta kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia humo inadondoka kutoka angani, kwenye vumbi na majivu ya moto wa mashamba na vichaka. Moshi wa jalala lenu hauendi mbali. Mjini lile jengo la kukusanyia taka tunaliita ghuba, na ziwa letu pia tunaliita ghuba, sijui nani alituchagulia neno moja kwa vitu viwili tunavyotakiwa kuvitenganisha.

Nimefika kwa mzee wa sola. Mwambie sijampinga, nimemsogeza nyuma. Umeme wa gridi tunaotumia sasa sehemu kubwa unatokana na maji. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na kinachobaki kingi ni gesi asilia. Kwa hiyo ukiondoa uniti moja ya gridi ukaweka ya sola, hewa inanufaika kidogo. Ukiondoa kilo moja ya mkaa inanufaika sana. Sola ya betri ina faida nyingine, ya taa kuwaka umeme ukikatika, na hiyo ni sababu ya haki, ila ni starehe ya nyumba, isiitwe mazingira. Kama ni betri za asidi, ulizeni kabisa zikifa zinarudishwa wapi, maana zina madini ya risasi ndani.

Akitaka kushika kitu cha jua mwakani, aanze na hita ya maji ya kuoga ya juu ya paa. Hita ya umeme ya bafuni inavuta wati 3,000 hadi 5,000, hakuna taa wala runinga inayoifikia. Wakati huohuo aangalie friji: kama ni la mtumba la zamani lenye mpira wa mlango uliolegea, hilo linakula kila saa mchana na usiku. Kiyoyozi msinunue. Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari na mchana upepo unatoka ziwani, fungueni madirisha ya upande huo na ya upande wa pili, mkapande mwembe au mparachichi magharibi ya nyumba ukuta usipigwe jua la saa kumi. Mkaratusi hapana, na mti wowote mkubwa usiwe jirani na septiki, mizizi inaijua njia.

Kwa hiyo milioni tatu zenu: shimo kwanza, gata na tangi na lile bomba la inchi sita pili, jiko la presha kwa kitakachobaki. Hela ikiisha kwenye shimo, jiko linaweza kusubiri mwezi mmoja, na tangi mnaweza kuanza na gata tu zikimwaga kwenye mapipa mkiwa mnajipanga.

Kabla hamjampa fundi senti, fanyeni kile kipimo cha saa moja, sehemu mbili tofauti za kiwanja, na mniandikie maji yameshuka sentimita ngapi kila sehemu. Niambieni pia nyumba ya chini yenu iko umbali gani na kama ina kisima. Kwa namba hizo nitawachorea kama ni shimo la kunyonya au ni kitanda cha migomba.